Alama za Aliyejifunza: Nadharia Kuu za Kujifunza na Matumizi Yake

Kujifunza ni badiliko la kudumu katika anachokijua mtu au anachoweza kukifanya, badiliko linaloletwa na uzoefu, si na kukua kwa mwili wala uchovu. Hapo wanasaikolojia wengi wanakubaliana. Wanaachana kwenye swali linalofuata: ni alama gani inayoonyesha kwamba mtu amejifunza? Wako wanaotazama mwenendo, wako wanaotazama kumbukumbu, wako wanaotazama namna mtoto anavyofikiri anapokosea, na wako wanaotazama nafasi ya mtu miongoni mwa wenzake wanaofanya kazi moja. Mwalimu, mzazi au mwanafunzi anayetaka kunufaika na nadharia hizi afadhali aanze na alama hizo, kwa kuwa ushauri wa kila nadharia hutokana na kile inachokikubali kuwa ushahidi.

Nadharia za mwenendo zilichipuka maabarani. Ivan Pavlov, mwanafiziolojia wa Urusi aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa utafiti wa usagaji wa chakula, aliona mbwa wake wakidondokwa na mate kabla chakula hakijafika mdomoni. Mlio wa metronomu ukitangulia chakula mara nyingi, baadaye ulitosha peke yake kuwatoa mate. Mbwa hakuamua chochote. Vitu viwili vilikuwa vimefungamana ndani yake. Mwaka 1920, nchini Marekani, John B. Watson na Rosalie Rayner walifanya jambo ambalo leo lisingeruhusiwa na kamati yoyote ya maadili: walimwonyesha mtoto mchanga panya mweupe huku wakigonga chuma kwa nyundo nyuma ya kichwa chake, wakarudia hivyo mpaka mtoto akawa analia kwa kumwona panya tu.

Funzo la majaribio hayo kwa shule ni zito kuliko linavyochukuliwa. Mtoto anayechapwa mara kwa mara katika kipindi cha hisabati anajifunza kitu, ila si hisabati. Anajifunza kuogopa ubao, daftari na sauti ya mwalimu, na hofu hiyo humfuata hadi kwenye chumba cha mtihani hata akiwa na mwalimu mwingine. Kenya ilipiga marufuku viboko shuleni mwaka 2001. Kwingineko katika Afrika Mashariki fimbo ingali darasani. Hofu iliyojengeka kwa njia hii haiondolewi kwa hotuba wala kwa kumwambia mtoto ajikaze. Hupungua pale anapokutana na kile anachokiogopa taratibu, kwa kiasi anachokimudu, mara nyingi, bila maumivu kufuata. Mwalimu anayepokea darasa lenye hofu atumie wiki za kwanza kwa maswali mafupi ambayo karibu wote wanaweza kuyapata, na asimwite yeyote ubaoni bila hiari yake.

Edward Thorndike, mwaka 1898, alifungia paka wenye njaa katika makasha yaliyofunguka kwa kuvuta kamba au kukanyaga kibao. Paka walitapatapa, wakafanikiwa kwa bahati, na kila waliporudishwa ndani muda wa kutoka ulipungua kidogo kidogo. Thorndike akahitimisha kwamba kitendo kinachofuatiwa na matokeo ya kuridhisha huelekea kurudiwa. B. F. Skinner aliiendeleza fikra hiyo kwa panya na njiwa kuanzia miaka ya 1930, akaonyesha kwamba wakati wa kutoa tuzo una uzito sawa na tuzo yenyewe. Mwaka 1953 alitembelea darasa la hisabati la binti yake akashtushwa na mambo mawili: watoto walifanya maswali bila kujua kama wamepata au wamekosa, na wote walilazimishwa kwenda kwa mwendo mmoja. Muda mfupi baadaye alibuni mashine ya kufundishia iliyompa mtoto jibu papo hapo baada ya kila swali.

Mashine hiyo haihitajiki ili kupata faida yake. Katika darasa la wanafunzi themanini, madaftari yanayokusanywa Jumatatu na kurudishwa Ijumaa hayafundishi kitu, maana mtoto ameshasahau alivyofikiri alipokuwa akiandika. Afadhali wafanye maswali matatu, majibu yaandikwe ubaoni, kila mmoja ajisahihishe au abadilishane daftari na jirani, kisha yafuate maswali mengine matatu. Sifa nazo zitaje kitendo: "umeandika vipimo kila hatua" humfundisha mtoto la kurudia, ilhali "hongera" tupu humfurahisha bila kumwelekeza. Tabia mpya isifiwe kila inapotokea. Ikishashika, sifa zipunguzwe, kwa sababu Skinner na mwenzake Charles Ferster walionyesha mwaka 1957 kwamba kitendo kinachotuzwa mara mojamoja hudumu zaidi tuzo zinapokoma kuliko kile kilichotuzwa kila mara. Kuhusu adhabu, msimamo wa Skinner ulikuwa kwamba huzima kitendo kwa muda, hasa mwadhibu akiwepo, bila kumwonyesha mkosaji la kufanya badala yake.

Tuzo nayo ina mpaka. Mwaka 1973 Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett walichagua watoto wa chekechea waliopenda kuchora, wakawaahidi baadhi yao cheti kama wangechora. Siku za baadaye, cheti kikiwa hakipo tena, watoto walioahidiwa walichora kidogo kuliko wenzao ambao hawakuahidiwa lolote. Mzazi anayemlipa mtoto fedha kwa kila kitabu anachosoma angalie kwanza kama mtoto huyo alikuwa akisoma kwa hiari. Kama hasomi kabisa, zawadi inaweza kumvuta aanze. Kama tayari anapenda, anunuliwe kitabu kingine.

Ufa wa kwanza ndani ya nadharia za mwenendo ulitokea kwa panya walewale. Mwaka 1930 Edward Tolman na Charles Honzik waliwaachia panya wazunguke katika mzingile wa vichochoro siku kumi bila chakula mwishoni. Panya hao walionekana hawajui lolote. Siku ya kumi na moja chakula kikawekwa, na mara makosa yao yakapungua kwa kasi hadi kuwafikia wale waliolishwa tangu mwanzo. Walikuwa wamejifunza njia zote siku zile, ila hawakuwa na sababu ya kuonyesha. Wolfgang Köhler, aliyewachunguza sokwe katika kisiwa cha Tenerife wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, alieleza namna walivyopandanisha makasha au kuunganisha fimbo kufikia ndizi, mara nyingine kwa ung'amuzi wa ghafla baada ya kutulia. Kutokana na kazi kama hizi ikabainika kwamba anachokifanya mtu leo si kipimo kamili cha alichojifunza. Jambo hilo litarudi tena na tena katika utafiti uliofuata, na ndilo lenye thamani kubwa kuliko yote kwa anayefundisha.

Nadharia za utambuzi zinahamishia macho kwenye kinachofanyika kichwani: namna habari zinavyopokewa, kupangwa, kuhifadhiwa na kutolewa. Msingi wake mmoja ni wa zamani. Hermann Ebbinghaus wa Ujerumani alijifanyia majaribio mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana, akachapisha matokeo mwaka 1885. Alipopima nafuu aliyoipata katika kujifunza upya orodha aliyokwisha kuijua, ilikuwa imebaki kama theluthi baada ya siku moja, na kama moja ya tano baada ya mwezi. Kusahau, basi, hutokea kwa kasi mwanzoni, kisha hupunguza mwendo. Frederic Bartlett wa Cambridge aliongeza upande mwingine katika kitabu chake cha mwaka 1932. Waingereza waliosoma kisa cha wenyeji wa Amerika ya Kaskazini walikirudia kwa kukigeuza kifanane na maisha yao, ngalawa zikawa mashua tu na kuwinda sili kukawa kuvua samaki. Lakini katika kitabu hichohicho alimweleza mchungaji wa Uswazi aliyekumbuka kwa usahihi wa kustaajabisha rangi, bei na wauzaji wa ng'ombe walionunuliwa mwaka mmoja kabla. Mtu hukumbuka vizuri kile ambacho tayari ana mahali pa kukiweka.

Mahali hapo ni muhimu kwa sababu mlango wa kuingilia ni mwembamba. George Miller alipendekeza mwaka 1956 kwamba mtu hushika kwa muda mfupi vitu kama saba hivi. Nelson Cowan, mwaka 2001, alishusha hesabu hiyo hadi vinne hivi. Mwaka 1973 William Chase na Herbert Simon waliwaonyesha wachezaji mpangilio wa kete za sataranji kwa sekunde tano. Bingwa aliupanga upya vizuri kuliko mgeni wa mchezo, lakini kete zilipotawanywa ovyo faida yake karibu yote ikatoweka. Bingwa hakuwa na kumbukumbu kubwa zaidi. Alikuwa akiona mafungu yenye maana pale ambapo mgeni aliona kete mojamoja. Kutokana na hoja hii John Sweller wa Australia alijenga, katika miaka ya 1980, nadharia ya mzigo wa utambuzi: anayeanza somo akirushiwa tatizo gumu moja kwa moja, nguvu zote huishia kutafuta njia ya kutokea, pasibaki nafasi ya kuelewa. Sweller na Graham Cooper walionyesha mwaka 1985 kwamba wanafunzi wa aljebra waliosoma mifano iliyokwisha kufanywa hatua kwa hatua walifanya maswali ya aina hiyo kwa haraka zaidi kuliko waliopambana na maswali peke yao.

Nadharia hii inaeleza tatizo linalojulikana vema Tanzania. Mtoto aliyesoma shule ya msingi ya serikali kwa Kiswahili anaingia Kidato cha Kwanza na kukuta baiolojia, fizikia na historia kwa Kiingereza. Katika sentensi moja anatakiwa afumbue lugha na dhana kwa pamoja, na akili yake ina nafasi ileile ndogo kama ya mtu mwingine yeyote. Walimu wengi hugeukia Kiswahili katikati ya kipindi, na mara nyingi huona haya kufanya hivyo kana kwamba ni udhaifu. Kwa mujibu wa nadharia ya mzigo, wanachofanya kina mantiki. Kinachohitajika ni mpango: maneno matano au sita ya mada yafundishwe kwanza peke yake, dhana ijadiliwe kwa lugha ambayo wanafunzi wanaimudu, kisha ndipo maelezo yaandikwe kwa lugha ya mtihani. Kulundika vyote katika dakika arobaini ni kuwanyima watoto wenye akili nafasi ya kuitumia.

Eneo lenye ushahidi imara kuliko yote katika saikolojia ya kujifunza, na ambalo shule zetu hulitumia kidogo, ni la kujikumbusha. Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa wanafunzi wa chuo vifungu vya kusoma. Kundi moja lilisoma kifungu mara nne mfululizo. Jingine lilisoma mara moja, kisha likajaribu mara tatu kuandika lilichokikumbuka bila kuangalia. Dakika tano baadaye waliosoma mara nne walikumbuka asilimia 83, na waliojikumbusha asilimia 71. Wiki moja baadaye hali iligeuka: asilimia 40 kwa waliosoma mara nne, asilimia 61 kwa waliojikumbusha. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2006. Mwaka uliofuata Doug Rohrer na Kelli Taylor walifundisha wanafunzi kutafuta ujazo wa maumbo manne yasiyo ya kawaida. Waliofanya maswali ya umbo moja hadi likaisha, kisha jingine, walipata asilimia 89 wakati wa mazoezi. Waliochanganyiwa maswali walipata asilimia 60. Wiki moja baadaye wa kwanza walipata asilimia 20 na wa pili asilimia 63.

Takwimu hizi zinafaa kukaa mbele ya kila mwalimu na kila mtahiniwa, kwa sababu zinakwenda kinyume na hisia. Kusoma daftari mara ya nne kunatia moyo: kila mstari unajulikana, kalamu ya rangi imeshapita. Kufunga daftari na kuhangaika kukumbuka kunaumiza na kunaonyesha mapengo. Mhangaiko huo ndio unaojenga. Mwanafunzi anayejiandaa kwa mtihani wa taifa afunge daftari baada ya kila mada, achukue karatasi tupu, aandike yote anayoyakumbuka, ndipo afungue na kukamilisha kwa rangi nyingine. Arudie siku mbili baadaye, wiki moja baadaye, na mwezi mmoja baadaye. Kukesha usiku wa kuamkia mtihani kunaweza kumfikisha asubuhi, lakini alichokishika hakitadumu hadi kidato kinachofuata. Desturi hii si ngeni pwani. Katika vyuo vya Qur'ani anayehifadhi husomea mbele ya ustadhi bila kuangalia msahafu, na hurejea sura za nyuma huku akiongeza mpya. Hizo ni kanuni mbili zilezile, kujikumbusha na kutawanya marudio. Kilichobaki ni kuzipeleka kwenye kemia na jiografia, ambako pamoja na maneno ya kukumbuka kuna maana ya kueleza.

Jean Piaget, Mswisi aliyezaliwa mwaka 1896, alifika kwenye kujifunza kwa njia ya makosa. Akiwa kijana Paris, akisaidia kuandaa vipimo vya akili vya watoto, alivutiwa zaidi na majibu yasiyo sahihi, kwa kuwa watoto wa umri mmoja walikosea kwa namna moja. Alama yake ya kujifunza ikawa mabadiliko ya namna ya kufikiri. Mtoto wa miaka mitano akionyeshwa maji yakimiminwa kutoka glasi pana kwenda glasi nyembamba ndefu, husema yameongezeka. Miaka michache baadaye hushangaa kuulizwa. Kwa Piaget mtoto hujenga maarifa mwenyewe: hupokea jipya kwa kutumia mpango wa fikra alionao, na jipya likigoma kuingia, hulazimika kuubadili mpango. Hatua zake nne, kutoka akili ya vitendo vya mtoto mchanga hadi fikra za dhahania kuanzia kama miaka kumi na moja, zimekosolewa sana. Margaret Donaldson na James McGarrigle walionyesha mwaka 1974 kwamba watoto wengi wadogo walijibu sawasawa mpangilio wa vitu ulipovurugwa na mwanasesere mtukutu, badala ya mtu mzima anayeuliza swali lilelile mara mbili. Umri aliouweka Piaget, kwa hiyo, usichukuliwe kama sheria. Kinachodumu ni heshima yake kwa kosa la mtoto. Kabla ya kusahihisha, mwalimu aulize "umefikaje hapo?" na asikilize hadi mwisho.

Lev Vygotsky alizaliwa mwaka uleule wa 1896 katika Dola ya Urusi na kufa kwa kifua kikuu mwaka 1934. Kwake akili hukua kwanza kati ya watu, ndipo huingia ndani ya mtu, na lugha ndiyo chombo kikuu cha kuiingiza. Alitoa mfano wa watoto wawili wa miaka kumi ambao kwa kipimo cha kawaida wote wana uwezo wa mtoto wa miaka minane. Wakisaidiwa kidogo, mmoja anafika maswali ya miaka kumi na miwili na mwingine ya miaka tisa tu. Je, watoto hao wako sawa? Nafasi iliyopo kati ya anachokiweza mtoto peke yake na anachokiweza akisaidiwa ndiyo aliyoiita ukanda wa ukuaji wa karibu, na ufundishaji unaofaa hulenga humo. David Wood, Jerome Bruner na Gail Ross walieleza mwaka 1976 msaada huo kwa mfano wa kiunzi: mwalimu hurahisisha kazi, huonyesha kilicho muhimu, kisha huondoa msaada kadiri mtoto anavyomudu. Kuondoa ndiko kunakosahaulika. Mzazi anayemfanyia mtoto kazi ya nyumbani mpaka darasa la saba amejenga kiunzi ambacho hakibomolewi, na mtihani unamkuta mtoto hana anachokiweza peke yake.

Albert Bandura alionyesha kwamba mtu anaweza kujifunza kwa kutazama tu, bila kutenda wala kutuzwa. Katika jaribio lake la mwaka 1961 kwenye Chuo Kikuu cha Stanford, watoto waliomwona mtu mzima akimpiga mwanasesere mkubwa wa kupuliziwa hewa waliiga mapigo hayo kuliko wasiomwona. Mwaka 1965 alikwenda mbele zaidi. Watoto walioona mpigaji akiadhibiwa waliiga kidogo, lakini walipoahidiwa zawadi wakionyesha walichokiona, walionyesha kama wenzao. Walikuwa wamejifunza kama wengine. Walinyamaza nacho tu, kama panya wa Tolman. Mzazi anayempiga mtoto kwa kosa la kuwapiga wenzake anatoa mafunzo mawili yanayopingana, na la vitendo ndilo linaloonekana. Bandura aliandika pia kuhusu imani ya mtu katika uwezo wake, akasema chanzo chake chenye nguvu kuliko vyote ni kufanikiwa kwa juhudi yake mwenyewe. Kisha kuona mtu wa hali yake akifanikiwa. Maneno ya kutia moyo hufuata nyuma. Binti wa kijijini anayesita kuhusu fizikia ataguswa zaidi na dada wa shule ileile aliyefaulu mwaka jana kuliko na mgeni mashuhuri kutoka mjini.

Jean Lave aliondoka darasani kabisa, akawachunguza mafundi cherehani wa Liberia. Wanagenzi walianza na mwisho wa nguo, kama vile kushona vifungo na kupinda pindo, wakaja kwenye kuunga vipande, na kukata kitambaa kukaachwa hadi mwisho kabisa, kinyume cha mpangilio wa kutengeneza nguo. Mpango huo una busara: kosa la kifungo hufumuliwa, kosa la mkasi hupoteza kitambaa, na anayemalizia nguo huiona ikiwa nzima tangu siku ya kwanza. Mwaka 1991 Lave na Etienne Wenger walijenga hoja kwamba kujifunza ni kusogea kutoka pembezoni mwa kundi la watendaji kuelekea katikati. Atakayefundisha ushonaji, useremala au ufundi wa magari asianze na wiki nne za nadharia. Ampe mwanagenzi kazi ya kweli, ndogo, isiyo na hasara kubwa ikiharibika, karibu na wanaojua.

Upande huu wa kujifunza nje ya darasa unatoa pia onyo kuhusu vipimo. Robert Serpell alipowalinganisha watoto wa Zambia na wa Uingereza katika utafiti wa mwaka 1979, wa Uingereza walifanya vizuri zaidi kwa kuchora, na wa Zambia kwa kuunda maumbo ya waya, mchezo wanaoujua. Huko Usenge, magharibi mwa Kenya, Robert Sternberg na wenzake walipima ujuzi wa watoto kuhusu dawa za miti shamba. Katika matokeo ya mwaka 2001, waliojua zaidi dawa hizo walielekea kupata alama za chini katika vipimo vya msamiati wa shuleni. Mtoto asiyeng'ara darasani huenda akili yake imetumika kwingine, mahali ambapo mtihani haufiki.

Mgongano mkali wa siku hizi ni kati ya wanaotaka mwanafunzi agundue mwenyewe na wanaotaka aelezwe wazi. Mitaala ya umilisi, ukiwemo wa Kenya, inaegemea sana fikra za Piaget, Vygotsky na Bruner, na madarasa yamejaa kazi za vikundi. Paul Kirschner, John Sweller na Richard Clark walijibu kwa makala ya mwaka 2006 wakisema ugunduzi bila mwongozo huwaumiza hasa wanaoanza. Ushahidi uko upande wao kwa wanaoanza. Lakini Slava Kalyuga na wenzake, Sweller akiwemo, walionyesha kwamba mifano na maelezo yanayomsaidia mgeni humkwaza aliyekwisha kujua, hivyo njia ifuate kiwango cha mwanafunzi: maelezo na mifano mwanzoni, uhuru zaidi baadaye. Kikundi cha watoto sita wasiojua mada, chenye karatasi moja ya manila na kalamu moja, hakijengi maarifa yoyote.

Fundisho moja lililoenea vyuoni liachwe: kwamba kila mtoto ana mtindo wake, huyu wa kuona, yule wa kusikia, wa tatu wa kutenda, na afundishwe kwa mtindo huo. Harold Pashler na wenzake walipopitia tafiti mwaka 2008 hawakupata ushahidi wa kutosha kwamba kulinganisha somo na mtindo kunaongeza matokeo. Ramani hufundishwa kwa macho kwa watoto wote, na matamshi kwa masikio kwa watoto wote.

Matumizi ya nadharia hizi kwa pamoja yanaonekana vizuri katika mada moja yenye sifa mbaya, kujumlisha sehemu zenye asili tofauti. Watoto wengi wakipewa nusu ongeza theluthi hujibu mbili ya tano, kwa kujumlisha kiasi na kiasi, asili na asili. Kosa hilo lina mantiki yake, na mwalimu aanze nalo: achore mstari, watoto waweke nusu, kisha waweke mbili ya tano, waone kwamba jibu limekuwa dogo kuliko namba waliyoanza nayo. Mgongano huo ndio Piaget aliouzungumzia. Kisha asiwaache wagundue kanuni peke yao. Afanye mifano miwili kamili ubaoni akisema kwa sauti anachokifikiri kila hatua, watoto wanakili wa tatu huku wakikamilisha hatua zilizoachwa wazi, halafu wafanye maswali matatu wenyewe na kujisahihisha papo hapo. Anayekwama akae na mwenzake aliyemtangulia kidogo, mwenye sharti la kuuliza maswali badala ya kutoa jibu, na siku inayofuata ajaribu peke yake. Kazi ya nyumbani ichanganye kujumlisha sehemu, kutoa sehemu na maswali ya mada ya mwezi uliopita. Kesho yake kipindi kianze kwa dakika tano za karatasi tupu, madaftari yakiwa yamefungwa. Alama ya kuandikwa katika kitabu cha maendeleo isiwe ya siku hiyo; iwe ya zoezi la wiki tatu baadaye, lisilotangazwa, lenye maswali mawili ya sehemu katikati ya maswali ya mada nyingine, kwa sababu hapo mtoto atalazimika kwanza kutambua mwenyewe kwamba swali lililo mbele yake linahitaji asili ya pamoja.